Mama Mkwe na Chupa 38

Bia yangu ya kwanza haikuwa na gesi hata ya kuazima. Ukifungua kizibo, husikii kitu. Rafiki yangu alimaliza glasi nzima kwa adabu, akafuta mdomo, akaniuliza, "Hii dawa inanywewa mara ngapi kwa siku?"

Kosa langu nalijua sasa. Gesi ya bia ya nyumbani inazaliwa humo humo chupani. Siku ya kujaza unaongeza sukari kidogo, hamira iliyobaki inaila na kutoa gesi, na kwa kuwa kizibo kimebana, gesi haina pa kwenda ila kuzama kwenye bia. Kazi hiyo inataka joto la kawaida la chumbani na wiki 2 hivi. Mimi siku ya tatu nilishazipanga zote kwenye friji, hamira ikapigwa na baridi, ikalala fofofo. Ningezirudisha nje tu zingepona. Lakini mjuaji hakosi sababu: nikaamua kwamba sukari ilikuwa ndogo.

Raundi ya pili nikapika lita 20. Kiasi cha kawaida ni gramu 6 au 7 za sukari kwa lita, yaani 130 hivi kwa ndoo nzima. Mke wangu akaniletea mizani ya jikoni. Nikamwambia fundi hupima kwa jicho. Tulipokuja kuangalia pakiti baadaye, jicho langu lilikuwa limepima karibu 300.

Hilo peke yake lingetosha kuniumbua. Ila kuna haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya bia kukuonyesha sukari iliyobaki. Maelekezo ya bia ile yalisema kishuke mpaka 1.012, kisha kitulie hapo siku 2 au 3 bila kusogea. Changu kilisoma 1.018. Nikakitazama, kikanitazama. Tofauti ya kitu kidogo hivyo, tena nyuma ya nukta, nani atajua?

Hamira ilijua.

Chupa 38 nikazificha kwenye kabati la chumba cha wageni, penye giza na joto zuri. Siku ya tisa akaja mama mkwe.

Saa nane usiku: PAA! Kimya. Vioo vikasikika vikidondoka kimoja kimoja. Halafu PAA, PAA, maana moja ikipasuka inampa jirani yake wazo. Mlango wa wageni ukafunguka, mama mkwe huyo, shuka begani, kiatu kimoja mkononi.

"Baba, waambie wachukue wanachotaka. Mimi sina ugomvi na mtu."

"Shikamoo, mama," nikasema. Sijui kwa nini.

"Marahaba. Wako wangapi?"

"Ni bia, mama."

"Bia ina bunduki?"

Mke wangu hakutia neno. Alikwenda jikoni, akarudi na ile mizani, akaiweka mezani mbele yangu taratibu, akaelekea kulala. Mama mkwe akapewa kitanda chetu. Mimi nilikesha sebuleni nikihesabu milio kama mtu anayesubiri bisi ziishe kukaanga.

Asubuhi niliingia vitani na kofia ya pikipiki, glavu nene na blanketi zito. Kipande cha kioo kilikuwa kimejichomeka kwenye mbao za mlango wa kabati, kimesimama wima kama kisu. Hapo ucheshi uliniisha kidogo. Mama wa watu alikuwa amelala hatua tatu kutoka pale. Zilizobaki nikaziviringisha taulo moja moja, nikazipeleka kwenye friji, kwani bia baridi inashika gesi vizuri zaidi na presha inapungua. Kesho yake nikazifungua uani, nikiinua kizibo unywele kwa unywele. Hata hivyo ya kwanza ilirusha povu mpaka kwenye paa, ikabakiza chupani kimo cha vidole viwili.

Kufika ya mwisho, mama mkwe akavuta kiti. "Nipe nimwonje huyo jambazi."

Nikammiminia. Sehemu kubwa ya glasi ilikuwa povu, akasubiri litulie. Akanywa, akanyamaza, akanywa tena.

"Si mbaya," akasema. "Ila imekuwa kavu, mwanangu. Sukari umebania."