Ekzosi Ikitoboka: Kopo la Maziwa au Mashine ya Kuchomelea?

Ekzosi ikitoboka, mtaa mzima unajua kabla hujaegesha. Ushauri nao hauchelewi. Wapo wanaoshikilia kwamba kazi ya chuma ni ya fundi, ukiigusa mwenyewe unaongeza hasara. Wapo pia, na mimi nimekaa kambi hiyo miaka mingi, wanaosema kipande cha bati, klipu mbili na gundi ya ekzosi vinatosha, hela ya fundi ikanunue mchele.

Kambi yangu ina hoja ambayo mafundi hawapendi kuisikia. Wengi wao wanafanya kazi chini ya mwembe, wamelala juu ya boksi lililofunuliwa, na spana zao ni zilezile ulizonazo. Walichokuzidi ni mashine ya kuchomelea, na mashine hiyo si kila mara inasaidia. Paipu ya ekzosi ya gari dogo kwa kawaida haifiki milimita mbili kwa unene. Kutu ikishaila, inabaki kama karatasi. Fundi mwenye haraka akiigusa kwa rodi nene, tundu la dengu linageuka tundu la sarafu. Atalifukuzia mpaka lizibe, utamlipa, na masika yakipita chuma kinaachia pembeni mwa mshono, maana kilichomelewa juu ya kutu.

Kwa hiyo kiraka cha nyumbani si cha kubezwa. Ila kina adabu zake. Gari lipoe kabisa, likae juu ya stendi au magogo imara, lisiachiwe jeki peke yake. Sugua kwa brashi ya waya, halafu gonga polepole kwa mpini wa bisibisi kuzunguka tundu: chuma kizima kinalia, kilichooza kinabonyea. Kiraka lazima kifike kwenye chuma kinacholia. Mimi hukata kopo la maziwa ya unga, nalainisha kingo kwa tupa, napaka gundi, nazungushia bati mara moja na ziada kidogo, kiungo chake nikikiweka mbali na tundu, kisha nakaza klipu pande zote mbili. Baada ya hapo injini inaunguruma dakika kumi hivi, joto likaushe gundi. Kopo la soda niliwahi kulijaribu. Ni jembamba mno, lilichanika kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Chini ya sailensa niliona kitobo kidogo kinachodondosha maji, nikakiziba kwa fahari. Kumbe sailensa nyingi zimetobolewa hivyo kiwandani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na gari linalotumika kwenda sokoni na kurudi tu halipati moto wa kutosha kuyakausha. Yanabaki tumboni mwa sailensa na kuila kutoka ndani. Fundi alichukua msumari na nyundo, akakifungua, yakamwagika maji ya rangi ya chai ya rangi. Hakusema neno, na mimi sikuuliza bei.

Hapo ndipo kambi ya wanaotaka fundi inapoanza kunishawishi, ingawa si kwa sababu wanazozitoa. Kwangu swali si nani ana ujuzi. Ni tundu liko wapi. Likiwa nyuma kabisa, baada ya sailensa, ni kelele na aibu tu. Likiwa mbele, karibu na injini, kiraka hakidumu kwa sababu ya moto, na madhara yanaenda mbali. Kwenye magari yenye sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, tundu lililo kabla yake huvuta hewa ya nje. Sensa inadhani injini imekosa mafuta, kompyuta inaongeza. Utalalamika gari linabugia petroli, utabadilisha plagi na pampu, na tatizo ni tundu la kidole.

Likiwa chini ya viti, simshauri mtu kopo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Uko kwenye foleni, vioo vimepandishwa, watoto wanasinzia nyuma, nawe unadhani ni uchovu wa shule. Hilo ni la kukatwa na kuwekwa paipu mpya, siku hiyohiyo.

Vijana wanaonunua mashine ndogo za kuchomelea na kuziweka uani nawaelewa, lakini mambo mawili huwa wanayaruka. La kwanza ni kung'oa waya wa betri kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari, umeme usije ukaunguza kompyuta. La pili ni bati. La kuezekea lina zinki. Likichomelewa, zinki inatoa moshi mweupe, na saa chache baadaye unapata baridi, homa na maungo kuuma. Katika nchi zetu mtu wa namna hiyo anakimbilia kupima malaria. Tangi la mafuta silizungumzii kabisa: hata likiwa tupu, mvuke uliobaki ndani unatosha kulipua. Sabuni ya mche ikisuguliwa kwenye ufa huzuia petroli kuvuja mpaka ufike gereji, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Kazi yake inaishia hapo.

Ila ukipeleka gari kwa fundi, usiondoke ukaenda kunywa chai. Masega, ile kauri ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, yenye vitundu kama sega la nyuki, yana madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo. Ni rahisi kuambiwa yameziba, yakakatwa, na paipu tupu ikawekwa mahali pake. Mwenye gari hagundui, maana gari linatembea. Kipande kilichokatwa omba upewe mkononi.

Gari langu linalala Kigamboni, kwenye upepo wa chumvi, kwa hiyo kazi haiishi. Paipu ya mbele nimebadilisha kwa fundi mwezi uliopita. Kopo la nyuma bado lipo, maandishi yameungua, imebaki picha ya ng'ombe nusu.