Mkojo wa ng'ombe huku ni kesi

Juzi bosi kasema tutapanda planteni kwenye malisho, mimi moyoni nikajua ndizi, nikaanza kuonja mtori kabisa hapa hapa Canterbury, New Zealand, na baridi yote hii. Kumbe ni kamjani karefu hivi, kwetu ungekang'oa kama gugu, eti ng'ombe akila anakojoa sana na mkojo unakuwa mwepesi. Nikacheka. Bosi hakucheka.

Maana ng'ombe akikojoa anamwaga kama lita mbili sehemu moja, na pale pale naitrojeni, ile rutuba ya kukuzia majani, inaweza kufika kilo 500 mpaka 1,000 kwa hekta, wakati sheria yao tangu 2021 inataka ya mbolea ya dukani isizidi 190 kwa mwaka. Nyasi haziwezi kuimaliza, mvua za baridi zikija inashuka na maji mpaka kwenye visima, nyingine inapaa hewani. Ukitembea malishoni unaona viduara vimekoza kijani, kila kiduara ujue kuna mtu alijisaidia hapo.

Sasa fikiria banda letu Machame. Ng'ombe wawili, hawatoki nje, mkojo wote uko sehemu moja, na sisi tumechimba kamfereji ili utoke upesi ukapotelee njiani. Ile harufu inayochoma macho asubuhi ndio naitrojeni yenyewe inaaga. Halafu masika tunakopa tukanunue urea ya kukuzia mahindi ya shamba la chini!! Urea jamani, ndio hiyo hiyo imo kwenye mkojo.

Najua mtasema huyu kaenda kukamua ng'ombe za wazungu kajifanya profesa wa mikojo. Semeni tu. Sijasema wazungu wana akili kutuzidi, mbona mama anatandika majani makavu ya migomba bandani, yakiloa anayapeleka shinani, hajasomea popote na ndizi zake mnazijua, mnakujaga kuomba mikungu. Hapo kwa mama sitaki mtu aniguse. Shida ni ule mfereji bana.

Nikampigia, nikamwambia tuweke pipa lenye mfuniko mwisho wa mfereji, akitaka kumwagilia achanganye na maji kwanza usije ukaunguza mimea. Akaniuliza, "Mwanangu, nauli yote ile ulienda kusomea mikojo?"

Hela ya pipa nikatuma. Nasikia mdogo wangu kaliweka chini ya bati, anakinga maji ya mvua.