Mshairi aliyepewa shamba

Horatius, mshairi wa Roma aliyezaliwa mwaka 65 KK, ana shutuma isiyomwacha: kwamba hekima yake ni ya mtu aliyeshiba. Anahimiza watu waridhike na kidogo na wasihangaikie kesho, ilhali yeye mwenyewe anakaa kwenye shamba alilopewa na Maecenas, tajiri na mwandani wa Kaisari Augustus. Nani angeshindwa kuridhika?

Shutuma hiyo si ya kupuuzwa. Tungo za kumsifu mtawala zipo. Na ule mstari unaosema kuifia nchi ni kutamu na ni heshima uliandikwa na mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, aliiacha ngao yake vitani akakimbia. Hapo sina la kumtetea.

Lakini shamba lilikuja baadaye. Baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, mwenye kishamba duni huko Venusia, mji wa kusini mwa Italia. Mzee huyo hakuridhika na shule ya mjini kwao, walikosoma watoto wa maakida. Alimpeleka mwanawe Roma, akawa anaongozana naye mwenyewe kwa kila mwalimu. Watu walipomsema Horatius kwamba ni mtoto wa mtumwa, alijibu kwa shairi: hata kama angeruhusiwa kuyaanza maisha upya na kujichagulia wazazi, wenye vyeo angewaachia wengine. Wazazi wake walewale wangemtosha.

Mwaka 42 KK alipigana katika vita vya Philippi upande wa Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Kaisari, dhidi ya huyohuyo aliyekuja kuitwa Augustus, wakashindwa. Alirudi Italia na msamaha mkononi, huku nyumba na shamba la baba yake vimekwenda. Akatafuta kazi ya ukarani wa hazina, na akaanza kutunga kwa sababu ya ufukara. Basi anaposema mali huja na kuondoka, anasimulia yaliyompata.

Kinachonisumbua mimi ni hesabu moja: wanane. Ndiyo idadi ya watumwa waliolima shamba lake. Mtoto wa mtumwa alimiliki watumwa wanane, na katika tungo zake zote hakuna anapoukataa utumwa wenyewe. Nimeligeuza jambo hili kila upande na bado linauma. Ila hesabu hiyo tunaijua kwa sababu yeye ndiye aliyetuachia, tena katika shairi linalomvua nguo. Ni siku za Saturnalia, sikukuu ya Desemba ambapo watumwa waliruhusiwa kusema watakalo. Davus, mtumwa wake, anamwambia: ukiwa mjini unalilia shamba, ukiwa shamba unausifu mji. Usipoalikwa popote unajisifia mboga zako. Maecenas akikuita usiku, taa zinawashwa, unapiga kelele mafuta yako wapi, kisha unatoka mbio. Sasa kati yetu mtumwa ni nani? Horatius hana jibu. Anatafuta jiwe la kumrushia, kisha anamtisha kwamba atampeleka shamba akawe wa tisa. Mwenye nguvu amekosa hoja, amebakiwa na vitisho, na mshairi ameyaacha yasomwe hivyohivyo. Ni washairi wangapi wa mabwana wakubwa waliowahi kuandika hivyo juu ya nafsi zao?

Na kwa Maecenas vilevile hakujikomba. Alimwahidi kwamba atakaa shamba siku tano, akapotea Agosti nzima. Mfadhili aliposubiri, alipata barua ya kishairi yenye kisa cha mbweha mwembamba aliyepenya kwenye pipa la nafaka, akala mpaka tumbo likamzuia kutoka. Kama kisa hicho kinanihusu, aliandika, ninarudisha kila kitu. Augustus naye alimtaka awe mwandishi wake wa barua. Alikataa, na Augustus hakumkasirikia. Wanaosema alinunuliwa wanapaswa kutueleza barua ile na kukataa kule vilitoka wapi.