Nafasi mbili, si nne

Unatuma mabadiliko ya mistari 40 ya msimbo wa programu Jumatatu asubuhi, wenzako wayakague. Maoni yanarudi Alhamisi: "Hapa weka nafasi mbili, si nne." Basi, hakuna jingine!

Jamani, nafasi tupu za mwanzo wa mstari ni kazi ya programu ya kupanga msimbo. Ijiendeshe yenyewe kabla ya kutuma, binadamu asiguse. Macho ya mkaguzi yanatakiwa kwingine. Ombi la malipo ya simu likikwama mtandaoni sekunde 30, mfumo unalituma tena. Kama la pili halibebi namba ileile ya muamala, mteja wa Kampala anakatwa shilingi zake mara mbili. Hilo wakaguzi watatu wanalipita kimya. Na saa je? Hifadhidata inatunza saa za UTC (saa ya kimataifa), Uganda iko saa 3 mbele, kwa hiyo "leo" ya ripoti inaanza saa tisa usiku na mauzo ya saa saba usiku yanaangukia jana.

Halafu kuna yule anayeandika "iko sawa" kwenye mistari 1,500 ndani ya dakika mbili. Huyo amegonga muhuri tu. (Aliyetuma mistari 1,500 kwa mkupuo naye hana adabu.) Afadhali wa nafasi, angalau alifungua faili.