Ovataimu ya manesi: nani anaihitaji, nani analipa

Ukitaka kugombana na manesi wa hospitali binafsi Dar es Salaam, pendekeza ovataimu ifutwe ili wapate kupumzika. Utaambiwa ukapumzike wewe. Kwa wengi wao zamu za ziada ndizo zinazolipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto, maana mshahara wenyewe unaishia kwenye chakula, nauli na marejesho ya mkopo. Nenda sasa hospitali ya serikali. Huko kilio si kwamba ovataimu ni nyingi au chache. Kilio ni kwamba zamu imefanywa, fomu imesainiwa, na posho haijaonekana.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Ovataimu iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na siku nzima isipite saa 12. Malipo yake ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi.

Chukua nesi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000. Ukikokotoa kwa utaratibu wa sheria hiyo, yaani kugawa kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa 45, saa yake moja ni kama shilingi 4,000. Saa ya ovataimu inakuwa 6,000, na akizimaliza zote 50 anaondoka na 300,000 juu ya mshahara. Si pesa ya kumwambia mtu aiache hivi hivi. Lakini tazama nyongeza ya kazi ya usiku: asilimia 5 tu, yaani shilingi 200 kwa saa. Nesi akikesha tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kukesha kote huko kumemwongezea shilingi 2,000. Bodaboda ya kumrudisha nyumbani inaweza kuimeza yote. Tunagombania ovataimu mchana na usiku, na hili la naiti halisemwi.

Wanaotaka ovataimu ibanwe wana hoja nzito, na haihusu pesa. Mwaka 2004 Ann Rogers na wenzake walichapisha utafiti wa manesi 393 wa Marekani waliojaza daftari kwa zamu 5,317. Zamu ilipofika saa 12 na nusu au zaidi, uwezekano wa nesi kukosea ulikuwa mara tatu. Kukosea wodini ni kumpa mgonjwa wa kitanda cha pili dawa ya kitanda cha tatu, au kusahau kwamba dripu inaisha. Na hizo saa 12 na nusu haziko mbali. Mwenye zamu ya saa 12 akitoa ripoti kwa nusu saa, ameshafika. Mvua ikinyesha na anayempokea akakwama njiani, amepita. Hawezi kufunga mlango kama wa duka akaondoka, na dakika hizo hakuna anayeziandika popote.

Mwajiri naye asikilizwe. Hospitali binafsi inayoishi kwa fedha za bima haijui lini madai yake yatalipwa, na wagonjwa hawaji kwa ratiba. Mmoja akienda likizo ya uzazi, zamu zake lazima zizibwe kesho. Ovataimu inamsaidia hapo bila kuajiri mtu mpya mwenye mchango wa NSSF na likizo zake. Sheria yenyewe imelegeza masharti ya ovataimu kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanyika ndani ya saa za kawaida. Tatizo ni kwamba hospitalini dharura ni ya kila siku, na mlango huo ukiachwa wazi hauna mwisho.

Serikalini kuna mkanganyiko mwingine. Posho za kazi za ziada mara nyingi hutegemea mapato ya ndani ya kituo. Wakati huohuo sera imewasamehe wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano kuchangia gharama, na ni vyema. Matokeo yake, zahanati ya kijijini ambayo kazi yake kubwa usiku ni kuzalisha inaingiza kidogo kutokana na kazi ileile inayomkeshesha nesi. Anayechoka zaidi ndiye mwenye kisima kikavu cha kumlipa. Posho ya namna hiyo ilipaswa kutoka hazina pamoja na mshahara, isisubiri makusanyo ya dirishani.

Halafu wapo manesi waliohitimu, wana leseni, na wako mtaani au wanajitolea kwa posho ya nauli. Ndiyo maana kwangu mimi rosta ndiyo ipimwe kwanza. Saa za ziada zikijitokeza wodi ileile mwezi baada ya mwezi, hiyo si dharura tena. Ni nafasi ya kazi ambayo haijatangazwa. Wodi tatu zenye saa 50 za ziada kila wiki nne hazijatimiza hata saa 180 za nesi mmoja, lakini nne zinazidi. Hesabu hiyo mfawidhi anaweza kuipiga mwenyewe.

Ugumu ni kwamba aliyezoea ile 300,000 ataipoteza siku mwenzake atakapoajiriwa. Chama cha wafanyakazi kinachodai ajira mpya na ovataimu kwa pamoja kingewaambia wanachama wake hilo mapema, kisha kikadai mshahara wa msingi na ile asilimia 5 ya usiku vipandishwe kabla zamu hazijapunguzwa.