Subira peke yake haitoshi

Makala yenu kuhusu wanajeshi wastaafu inatuhimiza sisi wake zao tuwe na subira, kisha ushauri nasaha inautaja kwa wanaume tu. Subira tunayo, jamani. Mume wangu aliingia Somalia na KDF, jeshi la Kenya, Oktoba 2011, Operesheni Linda Nchi ilipoanza. Sasa tuko naye hapa Likoni, Mombasa. Mkahawani haketi akaupa mlango mgongo, hata kama mahamri yatapoa tukingoja meza ya pembeni. Usiku wa mwaka mpya honi za meli pale bandari ya Kilindini hazimshughulishi (huzipenda, kwa kweli), fataki ndizo balaa. Na akiwa usingizini simgusi bega. Nasimama miguuni pa kitanda, namwita jina taratibu, akishaitika ndipo nasogea. Hilo hakunifundisha mtu, nalijua kwa kuponea chupuchupu kupigwa kiwiko.

Sasa huo ushauri nasaha, mbona tusiitwe sote wawili? Mshauri anakaa naye saa moja, mimi nakaa naye usiku kucha. Na nyinyi majirani mnaomcheka tairi la tuktuk likipasuka akainama, mwacheni.