Tusikigeuze Kipimo cha Damu Kuwa Ramli

Kijana mmoja alifika kwenye dirisha la kupokelea sampuli, akaniamkia, kisha akanipa simu yake nisome tangazo la kipimo cha damu kinachodaiwa kuonyesha "uvimbe wa ubongo" miaka mingi kabla ya dalili. Baba yake alikuwa amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, viungo vikichezacheza bila hiari yake na hasira zikimpanda bila sababu, na daktari aliyemwona mwishoni alitaja ugonjwa wa Huntington. "Mzee, damu yangu itasema?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba maabara yetu haifanyi kipimo hicho, jibu ambalo lilikuwa la kweli lakini pia lilikuwa la kukwepa, kwa maana hata kama tungekuwa na mashine yake, nisingependa kumpimia.

Ugonjwa wa Huntington, ambao ni wa kurithi na huharibu ubongo polepole, unatokana na jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 4, ambayo watafiti waliibainisha mwaka 1993. Ndani ya jeni hiyo herufi tatu za DNA, yaani CAG, hujirudia kupita kiasi. Mwenye marudio 40 au zaidi ataugua iwapo ataishi umri wa kawaida wa binadamu, na mwenye 36 hadi 39 anaweza kuugua au asiugue. Mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi jeni hiyo yenye kasoro. Kipimo cha jeni, basi, kinajibu kama mtu ameirithi au la, lakini hakimwambii ataanza kuugua lini hasa, wala kama ubongo wake umekwisha kuguswa. Katika pengo hilo ndipo vilipoingia viashiria vya inflamesheni, yaani vitu vinavyopimwa kwenye damu kuonyesha ule mwako ambao kinga ya mwili huuwasha inapohisi kuna adui au jeraha; huo ndio "uvimbe" wa lile tangazo, si uvimbe wa saratani.

Sayansi yenyewe si ya kubeza. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kiwango cha intaleukini-6, moja ya kemikali ambazo chembe za kinga hutumia kupashana habari, kilikuwa juu katika plazma, yaani majimaji ya damu, ya watu wenye jeni hiyo, wakiwemo wengine ambao kwa wastani walikuwa wamebakiza miaka 16 kabla ya wakati uliokadiriwa kuwa dalili zingeanza. Maelezo yake yanaingia akilini, kwa kuwa protini yenye kasoro inayotokana na jeni hiyo haitengenezwi kwenye ubongo peke yake bali hata ndani ya chembe nyeupe za damu, hivyo monositi za watu hawa, ambazo ni aina ya chembe hizo nyeupe, zikichokozwa, hutoa kemikali nyingi kuliko inavyostahili. Inawezekana kabisa kwamba tunachokiona kwenye damu ya mkono wa mgonjwa ni kivuli cha kinachotokea kwa chembe za kinga zilizomo ubongoni.

Ila matokeo hayo ni wastani wa kundi, na wastani wa kundi hauwezi kukabidhiwa mtu mmoja kama majibu yake. Sisi wa maabara tunalijua hili kwa mikono yetu. Kipimo cha ESR, ambacho bado kinatumika katika vituo vingi, ni mrija mwembamba wa damu unaosimamishwa wima kwa saa moja, kisha tunasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Zinaposhuka sana, tunajua kuna kitu mwilini, lakini kitu hicho chaweza kuwa kifua kikuu, ujauzito, baridi yabisi, au upungufu wa damu tu. Kipimo cha CRP ni cha kisasa zaidi, lakini tabia yake ni hiyo hiyo, kwa sababu CRP ni protini inayotengenezwa na ini kwa amri ya intaleukini-6, na ini haliulizi amri imetoka wapi. Malaria huipandisha, jino bovu huipandisha, unene uliokithiri na sigara huipandisha, na umri nao huongeza kidogo kidogo. Intaleukini-6 ya mtu mzima mwenye afya ni pikogramu chache kwa mililita, kwa hiyo homa ya juzi yaweza kufunika kabisa tofauti ndogo inayotafutwa.

Kisha kuna uchukuaji wa sampuli, ambao waandishi wa matangazo hawautaji kamwe. Chupa ya kifuniko cha zambarau ikiachwa mezani kuanzia asubuhi hadi alasiri kwa sababu umeme umekatika na mashine ya kuzungushia damu imesimama, chembe zilizomo huendelea kuishi na kutoa kemikali zake humo humo, na majibu yatakayotoka yatakuwa yanaeleza zaidi habari za meza yetu kuliko za mgonjwa.

Ninaongeza jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe zao nyekundu, na kwa sababu hiyo idadi ya nyutrofili zao, aina ya chembe nyeupe za damu, huwa chini ya viwango vilivyoandikwa kwa kupima Wazungu, ilhali ni wazima kabisa. Iwapo hata hesabu ya chembe nyeupe, kipimo cha kila siku, hutupotosha tunapoazima viwango vya wengine, sioni kwa nini tuziamini namba za saitokini, yaani kemikali za kinga kama intaleukini-6, kabla hatujapima watu wetu walio wazima. Aidha, kuna ugonjwa unaofanana mno na wa baba wa yule kijana, uitwao HDL2, unaotokana na jeni nyingine kwenye kromosomu ya 16, na ambao umeonekana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee. Daktari asiyeufahamu atapima jeni ya Huntington, atakuta iko sawa, na kuiambia familia kwamba hakuna tatizo.

Ikiwa ni lazima kuchagua kiashiria kimoja cha damu, mimi ningechagua nyurofilamenti, ambayo si ya inflamesheni hata kidogo: ni vipande vya mifupa ya ndani ya neva vinavyovuja neva zinapoharibika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, kutokana na watu waliofuatiliwa London, Paris, Leiden na Vancouver, yalionyesha kuwa wenye jeni walikuwa nayo nyingi zaidi, na kwamba kiwango chake kiliendana na kasi ya kusinyaa kwa ubongo. Viashiria vya mwako navibakishia kazi ndani ya majaribio ya dawa, ambako mtu hulinganishwa na nafsi yake mwenyewe mwezi baada ya mwezi. Hata huko si kazi nyepesi: laquinimod, dawa iliyotarajiwa kutuliza kinga, ilipunguza kusinyaa kwa sehemu moja ya ubongo, lakini haikuboresha miendo ya wagonjwa, jambo ambalo lilikuwa ndilo shabaha kuu ya jaribio.

Yule kijana alirudi wiki iliyofuata. Safari hii nilitoka nje ya dirisha, tukaketi kwenye benchi, nikamweleza kwamba kipimo cha kweli kwake ni cha jeni, kwamba hakifanywi kabla ya kuketi na mshauri, na kwamba watu wengi wenye wazazi waliougua huamua kutokipima maisha yao yote, na hakuna anayewalaumu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama dada yake naye anaweza kuja kusikiliza.